Bwana Ngapi, Mpimaji wa Benchi la Pili

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mliopata viti kaeni, na mliosimama vumilieni. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake wa kike, aliyemfuata kuzaliwa, ambaye ndiye anayeyasoma. Tarehe zote zimekaguliwa kwenye madaftari ya marehemu mwenyewe, maana ikikosewa moja tu hatutakuwa na uso wa kumtazama siku tutakayoonana naye.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa karani wa ghala na mama alikuwa fundi cherehani, na mtoto huyu alijua kusoma futi ya mama kabla hajajua kusoma kitabu. Alipima mlango, alipima meza, akapima na paka. "Sentimita arobaini na moja bila mkia," alitangaza. Mama akamwuliza kwa nini mkia haukuhesabiwa. Akajibu kwamba mkia haukutulia.

Alipokuwa na miaka minane, sukari ilianza kupungua kwenye kopo bila maelezo, na lawama zote zikamwangukia mdogo wake, aliyekuwa tayari na sifa mbaya. Marehemu hakumshtaki wala hakumtetea. Alichukua msumari akakwaruza alama ndani ya kopo, na kila asubuhi akawa anaandika kwa chaki nyuma ya mlango sukari imefika alama ya ngapi. Wiki ya pili mdogo wake akapelekwa kwa shangazi siku tatu. Sukari ikaendelea kushuka. Marehemu akasimama mbele ya ile chaki muda mrefu, kisha akamwendea mama pale kwenye cherehani. "Mama, mwizi wa pili ni mimi. Kila nikimaliza kupima nalamba kijiko." Mama alicheka hadi sindano ikamchoma kidole. Mwizi wa kwanza hakutajwa, na leo si siku yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Huko ndiko alikopewa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti. Mwalimu wa sayansi alisema chuma kikipata joto hupanuka. Marehemu akanyoosha mkono: "Ngapi?" Mwalimu akasema hupanuka kidogo. "Kidogo ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo akawa Bwana Ngapi. Hakukasirika. Alisema ni jina linalofanya kazi. Mwaka 1976 aliingia chuo cha ufundi, na mwishoni mwa 1977 akatoka na cheti cha ufundi mitambo.

Jumatatu, tarehe 3 Julai 1978, aliajiriwa katika kiwanda cha valvu za mitungi ya gesi ya kupikia. Valvu ni kile kidude cha shaba kinachokaa juu ya mtungi, unachokifungua ukitaka kuwasha jiko. Kikivuja, jikoni kwako hapakaliki. Alipangiwa benchi la pili la upimaji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unaifunga valvu kwenye benchi, unasukuma hewa ndani yake, unasubiri dakika moja, unatazama geji hewa imeshuka vistari vingapi. Ikishuka zaidi ya kumi, valvu imekataa. Ikishuka kumi au chini, imepita. Kwenye karatasi unatia alama ya vema au ya kosa, na mwisho wa mwezi karatasi zote zinatupwa.

Hiyo alama ya vema ilimkosesha raha Bwana Ngapi. Alimwendea msimamizi akiwa na valvu mbili, moja katika kila mkono.

"Hii imeshuka vistari viwili. Hii imeshuka tisa. Zote nimeziandikia vema."

"Si zote zimepita?"

"Zimepita. Lakini moja imepita mlangoni na nyingine imepita dirishani."

"Bwana Ngapi, imepita imepita. Rudi kwenye benchi."

Akarudi kwenye benchi, na kesho yake akaja na daftari lake mwenyewe. Akaanza kuandika namba iliyogongwa kwenye kila valvu, siku, saa, meza iliyoiunganisha, na vistari vilivyoshuka. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu kujua. Na alijua mengi: kwamba valvu za Ijumaa hazikuwa mbaya kuliko za Jumatatu kama watu walivyodai, na kwamba mashine ya tatu ya kukata shaba ikikaribia kuchoka, vistari huanza kupanda wiki mbili kabla mtu hajasikia kelele yoyote. Mafundi walidhani ana mganga.

Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985, alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Siku ya kwenda kuposa, baba mkwe, aliyekwisha kudokezwa habari za mtu huyu, alimwuliza, "Unampenda binti yangu?" "Sana, baba." "Sana ngapi?" Ilikuwa mara ya kwanza marehemu kukosa namba. Alifungua kinywa, akakifunga, akatazama dari. Mzee akasema, "Mpeni chai, amefaulu." Mungu aliwajalia watoto watatu, na madaftari yaliendelea kuingia ndani kama wageni wasioaga. Mke wake alizoea kusema, "Mimi nimeolewa na mtu mmoja, lakini nimehamiwa na valvu elfu themanini."

Mwaka 1994 kiwanda kilileta kompyuta, na pamoja nayo akaja fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye miwani minene na maneno machache. Huyo ndiye mtu wa kwanza kiwandani aliyemwuliza Bwana Ngapi madaftari yake yana nini badala ya kumwuliza yana faida gani. Wakakaa wiki tatu wakijenga kanzidata. Kwa sisi ambao shule tuliiaga mapema, kanzidata ni kabati lenye droo zisizokwisha. Unaita namba ya valvu, nayo inakuja na habari zake zote: iliunganishwa meza gani, ikapimwa benchi gani, na nani, saa ngapi, ikashuka ngapi. Na unaweza kuuliza kinyume: nipe zote zilizopimwa asubuhi, nipe zote zilizoshuka zaidi ya nane. Marehemu alisema ni kama kuoa mara ya pili bila ugomvi.

Ugomvi ulikuwepo mmoja. Kiwandani kulikuwa na desturi kwamba valvu ikikataa unaikaza, unaipima tena, na ikipita unaandika hilo jibu la pili juu ya la kwanza. Fundi wa kompyuta naye alijenga hivyohivyo: valvu moja, mstari mmoja, jibu la mwisho. Bwana Ngapi akakataa.

"Mtoto ukimwuliza akakosa, ukamwuliza tena akapata, utasema hakukosa?"

"Lakini valvu ni moja, Bwana Ngapi."

"Valvu ni moja. Kupimwa ni mara mbili. Kila kupimwa kupewe mstari wake, na jibu la kwanza lisifutwe na mtu yeyote. Hata mimi."

Fundi akabomoa, akajenga upya siku nne. Hayo maneno "hata mimi" yashikeni, yatarudi.

Mwaka 1997 valvu zilianza kurudishwa na wateja kwa sababu ya kuvuja. Mama mmoja aliunguza nyusi zote mbili, na tunashukuru ziliungua nyusi tu. Hadi Jumanne, tarehe 21 Oktoba, zilikuwa zimerudi hamsini na nane, na zote zilikuwa na alama ya meza ya nne. Meza ya nne alikaa mwanamke aliyeitwa Mama Pete, kwa sababu ndiye aliyezivisha valvu pete zake za mpira, kwa vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote. Meneja akaitisha kikao akatangaza kwamba Mama Pete ataondoka kazini Ijumaa.

"Ngapi?" akauliza Bwana Ngapi kutoka nyuma.

"Nimeshasema. Hamsini na nane."

"Hizo ndizo zilizorudi. Za meza ya nne ambazo hazikurudi ni ngapi?"

Mama Pete, aliyekuwa ameshakunja aproni yake, akasema, "Mwacheni aulize. Mimi haraka yangu ni ya kwenda wapi?"

Marehemu akapewa hadi Ijumaa asubuhi. Akaenda kukaa na fundi wa kompyuta, wakaanza kuliuliza lile kabati. Meza: ya nne, kweli. Benchi la upimaji: la pili, zote hamsini na nane. Mpimaji. Hapo fundi akavua miwani.

"Bwana Ngapi, hapa pameandikwa jina lako."

"Nimeliona. Endelea. Saa?"

"Zote kabla ya saa nne asubuhi."

"Zilishuka ngapi?"

"Sifuri. Sifuri. Sifuri." Akazidi kushusha. "Zote sifuri."

Marehemu akaegemea kiti. Zile sifuri alikuwa akizisifia nyumbani tangu mwezi wa nane. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba asubuhi benchi lake linatoa majibu mazuri ambayo hajayaona kwa miaka kumi na tisa. Hakujiuliza kwa nini. Yeye, aliyekuwa na jibu la kwa nini hata kwa mkia wa paka!

Kesho yake saa mbili asubuhi, benchi likiwa baridi, alichukua valvu isiyo na pete hata moja, tundu wazi kiasi cha kuchungulia ukamwona jirani. Akaifunga kwenye benchi la pili mbele ya msimamizi, akasukuma hewa. Geji ikasimama kama askari wa lindo. Sifuri. Akafungua koki iliyo katikati ya geji na valvu, akaona mpira wake umeganda na kuziba tundu. Hewa haikuwa ikifika kwenye valvu kabisa. Geji ilikuwa ikijipima yenyewe. Benchi likipata joto, kuanzia saa nne hivi, mpira ulilegea na kazi ikawa sawa. Na kigari cha meza ya nne ndicho kilichokuwa karibu, kwa hiyo kila asubuhi kilipimwa cha kwanza. Meza zote zilikuwa na valvu mbovu chache kama kawaida. Za Mama Pete tu ndizo hazikukamatwa.

Meneja hakushawishika. "Koki imeganda leo. Nani anasema iliganda mwezi wa nane?"

Aliyeweza kusema ni daftari. Mambo ya valvu yalikuwa kwenye kompyuta, lakini matengenezo ya benchi marehemu alikuwa bado anayaandika kwa mkono, na alikumbuka kwamba mpira wa koki aliubadilisha mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kipande alichokikata mwenyewe. Tarehe hakuikumbuka. Ilikuwa katika daftari la sitini na tatu, na daftari la sitini na tatu halikuwa nyumbani.

Hapa mdogo wake anaingia, na hawezi kujificha. Wakati huo alikuwa akiuza karanga karibu na lango la posta, na karatasi za kufungia alipewa na wifi yake mwalimu, madaftari ya wanafunzi yaliyokwisha kazi. Alhamisi saa sita Bwana Ngapi akamsimamia mbele ya sinia.

"Daftari langu. Jalada la bluu."

"Kaka, wanafunzi wote wa wifi wana majalada ya bluu."

"Lina namba zimepangwa mistari mistari."

Mdogo wake akazikumbuka zile karatasi. Zilikuwa nzito, hazikupitisha mafuta. "Nimeziuza tangu juzi," akasema. "Pamoja na karanga zake."

Wakagawana mtaa. Bwana Ngapi akaenda upande wa maduka ya viatu, akiwaomba watu wazima wakung'ute mifuko yao. Mdogo wake akaenda kwa kinyozi, mteja wa kila siku, ambaye alikuwa na desturi ya kufutia wembe karatasi za karanga. Tatu zilikuwa zimekwisha kufutiwa. Ya nne ilikuwa safi. Mdogo wake aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wa kaka yake aliujua kama anavyoijua sauti yake: "Jumatatu, 11 Agosti 1997. Nimebadilisha mpira wa koki, benchi la pili. Ni mnene kidogo kuliko wa zamani. Tuone."

Akasoma mara mbili. Akaikunja, akaitia kifuani, akatoka. Kaka yake alikuwa ng'ambo ya barabara, jasho linamtiririka.

"Umeipata?"

"Nikisema sijaipata, itakuwaje?"

"Mama Pete anaondoka kesho."

"Na nikisema nimeipata?"

"Naondoka mimi."

"Basi sikiliza, kaka. Mimi ni ndugu yako, Mama Pete si ndugu yangu. Una watoto watatu. Karatasi ya karanga ikipotea, nani atajua?"

Marehemu hakupaza sauti. Alimtazama kama alivyolitazama lile kopo la sukari. "Gesi itajua," alisema. "Kuna nyumba sasa hivi wanapikia valvu ambayo sikuipima. Bila tarehe hiyo sijui ni ngapi, na sijui ni zipi."

Mdogo wake akaitoa. Ilikuwa na chumvi na unyevu kidogo, lakini ilisomeka.

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 1997, Bwana Ngapi aliisoma mbele ya kikao, akataja jina lake mwenyewe kama linavyosomeka kwenye safu ya mpimaji. Mama Pete akaifungua aproni yake, akaivaa, akarudi mezani bila kumwambia mtu neno. Jioni alimpelekea marehemu kikombe cha chai. Meneja alikuwa ameandaa barua ya kumfukuza Bwana Ngapi, lakini fundi wa kompyuta akasimama, yeye wa maneno machache, akasema mengi kuliko aliyosema miaka mitatu. Bila ile mistari isiyofutwa, alisema, kiwanda kingelazimika kurudisha valvu elfu thelathini na moja za miezi ile. Sasa wanazijua: benchi la pili, kabla ya saa nne, kuanzia tarehe 11 Agosti. Elfu mbili mia nne na kumi na nane, kila moja kwa namba yake. Barua ikaishia droo ya meneja. Bwana Ngapi aliondolewa kwenye benchi akapelekwa ghalani miaka minne, akaenda bila kununa. Baadaye alirudishwa kufundisha wapimaji wapya, na somo lake la kwanza lilikuwa moja tu: jibu zuri mno nalo ni swali.

Kwenye kanzidata, ile mistari elfu mbili mia nne na kumi na nane haikuandikwa "imepita" wala "imekataa". Marehemu aliomba iandikwe "haijulikani", mpaka kila valvu ishikwe na kupimwa. Nyingi zilikuwa bado kwenye maghala na madukani. Mia moja na kumi na saba zilikuwa zimeshaingia majumbani mwa watu, na hizo alizifuata yeye, Jumamosi moja baada ya nyingine, kwa miaka. "Hodi, samahani, naomba kuchungulia mtungi wenu." Alifukuzwa na mbwa, alidhaniwa mwizi, alidhaniwa mhubiri. Bibi mmoja alimwuliza, "Umekuja kupima au kuposa?" Akamjibu kwamba amekuja kupima, na bibi akasema hilo nalo afadhali, ingia. Alipostaafu tarehe 30 Machi 2018 zilikuwa zimebaki tisa. Kwenye sherehe ya kumuaga, Mama Pete, ambaye siku hizo alikuwa msimamizi wa meza zote, alimpa zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ya maua. Ndani kulikuwa na valvu kuukuu. Ilikuwa moja ya zile tisa, aliyoikuta nyumbani kwa shemeji yake. Zikabaki nane, naye akaendelea kuzifuata.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo. Kliniki, muuguzi alimpima shinikizo la damu likawa juu sana. Akamwambia apumzike kidogo, akampima tena likashuka, akaandika lile la pili. "Mama, andika yote mawili," akasema mgonjwa. Muuguzi akamwambia la kwanza ni la wasiwasi wa kupanda ngazi. "Basi andika na ngazi." Mpaka wanaagana miezi mingi baadaye, faili lake lilikuwa nene kuliko la mtu yeyote pale kliniki, na daktari alikiri kwamba kwa sababu ya faili hilo waligundua dawa moja ilikuwa ikimdhuru asubuhi. Asubuhi tena! Alifurahi kama aliyepona.

Alilazwa tarehe 29 Januari 2024. Siku ya mwisho alizungumza na mkewe, akawabariki watoto mmoja mmoja, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Ngapi?"

Mdogo wake alijua anachoulizwa. "Moja, kaka."

"Haijulikani?"

"Bado haijulikani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari ya kuvutia. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na tano.

Ameacha mjane, mwalimu mstaafu. Watoto watatu, fundi umeme, mfamasia na dereva wa lori. Wajukuu watano, ambao wa nne ameshaanza kupima paka. Kaka mmoja, wadogo watatu, na madaftari mia mbili na kumi na manne. Ameacha pia mstari mmoja usiojazwa kwenye kabati la kiwanda.

Ndiyo maana familia ina ombi moja, na si la maua. Mkifika nyumbani leo, kabla hamjawasha jiko, inameni mtazame valvu ya mtungi wenu, upande wa kushoto, chini ya kishikio. Namba tunayoitafuta ni 41773. Utakayeiona, funga gesi, usiitupe, ilete. Itapimwa kwenye benchi ambalo limeshapata joto, na jibu tutaliandika kwenye mstari wake kama lilivyo, liwe zuri au baya. Siku hiyo mdogo wake atakuja hapa makaburini kumsomea, na kaka yetu atalala kwa amani, kwa maana hatakuwa tena na la kuuliza.